Ifahamu njia ya kurekodi video moja kwa moja kwenye diski ya nje

KUREKODI video moja kwa moja kwenye diski kuu ya nje ni utaratibu ambao picha na sauti zinazotoka kwenye kamera huhifadhiwa papo hapo kama faili, bila kusubiri kanda ichezwe upya ili yaliyomo yahamishiwe kwenye kompyuta.

Utaratibu huo ulienea miongoni mwa wapiga picha za harusi, mikutano na vipindi vya televisheni katika miaka ya 2000, wakati kamera zilizokuwa mikononi mwa wengi zilitumia kanda ndogo za MiniDV. Hivi sasa unatumika kwa sura nyingine katika kamera za sinema na hata katika simu za mkononi.

Faida yake kubwa ni kuokoa muda. Hasara yake kubwa ni kwamba humwondolea mpiga picha kanda, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa nakala ya akiba iliyopatikana bila gharama ya ziada.

Kwa shughuli isiyorudiwa, kama vile ndoa, mazishi au mahafali, tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo familia itabaki na kumbukumbu au itabaki na diski isiyofunguka.

Kanda na saa zake

Mfumo wa DV uliingia sokoni mwaka 1995. Kanda ya kawaida ya MiniDV ilibeba dakika 60 kwa mwendo wa kawaida, au dakika 90 kwa mwendo wa polepole, ambao uliongeza uwezekano wa picha kukwaruza au kukatika.

Ingawa data iliyokuwa kwenye kanda hiyo ilikuwa ya kidijitali, ilihamishwa kwa mwendo uleule wa kanda kuchezwa. Kanda ya saa moja ilihitaji saa moja. Mpiga picha aliyerudi na kanda tano kutoka kwenye harusi ya siku nzima alilazimika kutumia saa tano kuzihamisha, kabla hajaanza kuhariri kipande cha kwanza.

Aidha, kila mara kanda ilipochezwa vichwa vya kusomea vya kamera vilizidi kuchakaa. Kwa sababu hiyo baadhi ya wapiga picha walinunua kamera ndogo ya pili kwa ajili ya kuhamishia kanda tu, ili kubwa ibaki kwa kazi za nje.

Kurekodi kwenye diski kuliziondoa saa hizo zote. Shughuli ilipomalizika, diski iliunganishwa na kompyuta na mafaili yakawa tayari kuhaririwa.

Kwa nini waya pekee hautoshi

Kamera za MiniDV zilitoa video kupitia tundu la FireWire, linalojulikana pia kwa jina la kitaalamu la IEEE 1394, kiwango kilichopitishwa mwaka 1995. Sony iliita tundu hilo i.LINK, na watengenezaji wengine waliandika DV tu ubavuni mwa kamera. Uwezo wake wa kawaida ulikuwa megabiti 400 kwa sekunde.

Baadhi ya diski za nje za wakati huo nazo zilikuwa na tundu la FireWire. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba, kwa kuwa matundu ni ya aina moja, inatosha kuunganisha kamera na diski kwa waya kisha kubonyeza kitufe cha kurekodi. Haikuwa hivyo, na sababu yake inafaa kueleweka kwa kuwa inahusu pia vifaa vya sasa.

Kamera inapotuma video hutoa mkondo wa data usiosimama, fremu baada ya fremu, bila kumsubiri mpokeaji. Diski kwa upande wake haipokei mkondo wa namna hiyo. Yenyewe husubiri kuamriwa: andika kipande hiki mahali hapa, kisomwe kile kutoka pale.

Hivyo ni lazima pawepo kifaa cha tatu kinachofungua faili, kulipa jina, kulichagulia mahali na kuandika habari zake katika orodha ya diski. Kamera ni kama bomba lililofunguliwa, na diski ni stoo iliyojaa madumu. Pasipokuwa na mtu wa kukinga maji, kufunga madumu na kuyapanga, maji yatamwagika chini ingawa stoo iko jirani.

Kazi hiyo hufanywa na kompyuta au na kinasa kilichotengenezwa maalumu. Kamera za MiniDV hazikuundwa kuifanya.

Tundu la USB nalo halikuwa mkombozi. Katika kamera nyingi za kanda lilitumika kuhamisha picha mnato kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, au kutuma video ya ubora wa chini kwa mazungumzo ya intaneti. Zaidi ya hapo, kwenye USB kamera ilikuwa upande wa kuamriwa, sawa na diski. Vifaa viwili ambavyo vyote vinasubiri amri haviwezi kufanya kazi pamoja.

Njia tatu zilizotumika

Njia ya kwanza ilikuwa kinasa cha diski kinachobebeka. Hiki kilikuwa kisanduku kidogo chenye diski, betri na programu ndani yake, kilichofungwa mkandani au juu ya kamera na kuunganishwa kwa waya wa FireWire. Mfano unaokumbukwa sana ni FireStore FS-4 ya kampuni ya Focus Enhancements ya Marekani. Sony nayo ilitoa kinasa cha HVR-DR60 chenye diski ya gigabaiti 60, kilichoweza kubeba takribani saa nne na nusu za video ya DV.

Vinasa hivyo vilipendwa kwa sababu mbili. Kwanza, viliandika mafaili ya aina zinazokubaliwa na programu za kuhariri, kama AVI na QuickTime, hivyo hapakuwa na haja ya kuyabadilisha. Pili, viliweza kufuata kitufe cha kamera, yaani mpiga picha alipoanza kurekodi kanda, kinasa nacho kilianza. Kwa hiyo alipata kanda na faili kwa wakati mmoja.

Njia ya pili ilikuwa kompyuta ya mkononi. Kamera iliunganishwa na kompyuta, kompyuta ikaunganishwa na diski ya nje, na programu ya kunasa video ikaandika mkondo huo kwenye diski. Programu ya DV Rack ya kampuni ya Serious Magic, iliyonunuliwa na Adobe mwaka 2006, ilitengenezwa kwa kazi hiyo hasa, na ilimpa mtumiaji vipimo vya mwanga na sauti kwenye kioo cha kompyuta.

Njia hiyo ilifaa pale ambapo kamera haihami, kwa mfano kwenye mhadhara, ibada au kikao cha bunge. Haikufaa kwa mtu anayemfuata bwana harusi kutoka kwenye gari hadi madhabahuni.

Njia ya tatu ilikuwa kuachana na waya kabisa na kutumia kamera iliyojengewa diski ndani. JVC ilianzisha kamera zake za Everio mwaka 2004 kwa diski ndogo ya kuchomoa ya gigabaiti nne, kisha mwaka uliofuata ikaleta zenye diski ya ndani. Sony ilifuata kwa Handycam za aina hiyo. Nyingi za kamera hizo zilibana video kwa mfumo wa MPEG-2, jambo lililopunguza ukubwa wa mafaili lakini likafanya kazi ya kuhariri kuwa ngumu kuliko kwa DV.

Baadhi ya kamera zilizotoka kuelekea mwaka 2010 ziliweza kuunganishwa na diski ya nje kwa waya maalumu wa USB bila kompyuta. Wanunuzi walipaswa kuwa makini hapa. Uwezo huo ulikuwa wa kunakili mafaili yaliyokwisha kurekodiwa, si wa kurekodi moja kwa moja wakati shughuli inaendelea.

Hesabu ya nafasi

Uzuri wa DV ni kwamba hesabu yake haibadiliki. Katika mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi, kila fremu ya DV huchukua baiti 144,000, na kila sekunde ina fremu 25. Hiyo ni megabaiti 3.6 kwa sekunde, sawa na takribani gigabaiti 13 kwa saa.

Kwa hesabu hiyo, diski ya gigabaiti 40 hutosha saa tatu, ya gigabaiti 500 hutosha saa 38, na ya terabaiti moja hukaribia saa 77. Kiasi cha video kwa saa hakitegemei kinachopigwa, awe mtu anayecheza muziki au ukuta mweupe.

Mfumo wa HDV, uliotangazwa mwaka 2003, ulitumia kanda zilezile za MiniDV kurekodi picha za ubora wa juu kwa megabiti 25 kwa sekunde, kwa hiyo mahitaji yake ya nafasi yalikaribiana na ya DV. AVCHD, uliotangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, uliishia megabiti 24 kwa sekunde ulipoanza, sawa na gigabaiti 11 hivi kwa saa.

Hali ni tofauti kabisa kwa mifumo ya kisasa ya kazi za weledi. ProRes 422 HQ ya Apple, kwa picha za pikseli 1,920 kwa 1,080 na fremu 25 kwa sekunde, huhitaji takribani gigabaiti 83 kwa saa. Ubora ukipandishwa hadi 4K kwa fremu hizohizo, mahitaji hufikia gigabaiti 332 kwa saa. Diski ya terabaiti moja iliyotosha siku tatu za DV haimalizi harusi moja ya 4K.

Ukomo wa dakika ishirini

Diski nyingi za nje ziliuzwa zikiwa zimefomatiwa kwa mfumo wa mafaili wa FAT32, ambao husomeka kwenye Windows, Macintosh na vifaa vidogo. Mfumo huo una ukomo mmoja: faili moja haliwezi kufikia gigabaiti 4.3.

Kwa video ya DV, ukomo huo hufikiwa baada ya dakika 19 na sekunde 53. Kinasa kizuri hulifunga faili la kwanza na kufungua la pili bila kupoteza hata fremu moja, na mhariri huyaunganisha baadaye. Programu isiyojiandaa kwa jambo hilo husimama, na mpiga picha asiyetazama kioo anaweza kugundua mwisho wa hotuba kwamba alirekodi dakika 20 za mwanzo tu.

Mifumo ya NTFS ya Windows, HFS+ na APFS ya Apple, pamoja na exFAT ya Microsoft iliyoanzishwa mwaka 2006, haina kikwazo hicho kwa kazi za kawaida. Kwa vifaa vya sasa exFAT ndiyo inayotumika zaidi kwa kuwa inakubaliwa na Windows na Macintosh. Hata hivyo, jambo la busara ni kuifomati diski ndani ya kifaa chenyewe kitakachorekodi, si kwenye kompyuta ya jirani.

Mtikisiko, kelele na mwinuko

Megabaiti 3.6 kwa sekunde si mzigo kwa diski. Hata diski za kawaida za miaka ya 2000 ziliweza kuandika mara kadhaa ya kiasi hicho. Tatizo halikuwa kasi ya wastani, bali kukatizwa kwa ghafla.

Ndani ya diski ya kuzunguka kuna sahani zinazokwenda kasi na kichwa kidogo kinachoelea juu yake kwa umbali mdogo mno. Diski ikitikiswa, kichwa hupoteza njia na kulazimika kurudi. Kinasa huwa na kumbukumbu ya muda inayohifadhi sekunde kadhaa za video huku kikisubiri diski itulie. Mtikisiko ukizidi muda huo, fremu hupotea.

Kelele nazo ni mtikisiko. Mwishoni mwa mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg, aliyekuwa kampuni ya Sun Microsystems, alionyesha kwenye video namna diski zilivyochelewa kufanya kazi kila alipozipigia kelele kwa karibu. Funzo kwa mpiga picha wa harusi ni wazi: diski inayozunguka haiwekwi juu ya spika wala kwenye meza moja nayo.

Mwinuko ni jambo jingine linalosahaulika. Kichwa cha diski huelea kwa msaada wa hewa, na hewa ikiwa nyepesi hushuka karibu zaidi na sahani. Watengenezaji wengi waliweka ukomo wa kutumia diski kuwa karibu na mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mlima Kilimanjaro una mita 5,895, na hivyo mpandaji mwenye diski ya aina hiyo alitakiwa kuizima mapema sana safarini.

Diski za SSD, ambazo hazina sehemu inayozunguka, zimeondoa matatizo hayo matatu. Zinachobaki nacho ni joto, hasa zikiandika kwa muda mrefu ndani ya mfuko uliofungwa au juani.

Umeme na faili lisilofungwa

Tundu la FireWire la kamera ndogo lilikuwa na pini nne na halikubeba umeme wa kuendesha kifaa kingine. Lile la kompyuta lilikuwa na pini sita, mbili zikiwa za umeme. Kwa hiyo kinasa kilihitaji betri yake, na betri hiyo ilipaswa kuhesabiwa pamoja na ya kamera.

Mafundi walishauri kuzima vifaa vyote kabla ya kuunganisha waya, kwa kuwa kiunganishi cha pini sita kikiingizwa kwa kukosea kingeweza kuunguza tundu la kamera. Ushauri huo bado una maana kwa anayetumia vifaa hivyo leo, kwani kamera mbadala ni vigumu kuipata.

Kukatika kwa umeme kuna athari kubwa zaidi kwenye diski kuliko kwenye kanda. Kanda ikikatizwa, kila kilichokwisha kurekodiwa kinabaki. Lakini mafaili ya AVI na QuickTime kwa kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni, wakati wa kusimamisha kurekodi. Umeme ukikatika kabla ya hapo, data inaweza kuwapo kwenye diski na faili likakataa kufunguka.

Mafaili ghafi ya DV huvumilia zaidi ajali hiyo, kwa sababu kila fremu inajitegemea. Kwa mafaili ya aina nyingine zipo programu za ukarabati, na mara nyingi hufanikiwa iwapo diski haijaandikwa kitu kingine. Kwa hiyo, faili likigoma kufunguka, hatua ya kwanza ni kuacha kabisa kuitumia diski hiyo hadi fundi aione.

Njia rahisi ya kupunguza hasara ni kusimamisha kurekodi na kuanza upya kila panapopatikana nafasi, kwa mfano baina ya wimbo na hotuba. Mafaili mafupi kumi ni salama kuliko moja refu.

Kutoka FireWire hadi USB-C

Kamera zilipoacha kanda na kuhamia kwenye kadi za kumbukumbu, tundu la FireWire lilitoweka polepole na nafasi yake ikachukuliwa na HDMI. Tofauti yake ni kubwa. FireWire ilitoa data iliyokwisha kubanwa na kamera, ilhali HDMI hutoa picha isiyobanwa.

Picha ya pikseli 1,920 kwa 1,080 isiyobanwa, kwa fremu 25, huzidi megabaiti 100 kwa sekunde. Kwa hiyo kinasa cha HDMI hakipokei tu, bali pia huibana video kabla ya kuiandika. Kampuni ya Atomos ya Australia ilijipatia jina kwa vinasa vya Ninja, na Blackmagic Design, ya nchi hiyohiyo, kwa vile vya HyperDeck. Vyote viliandika kwenye diski au SSD za kawaida za kompyuta.

Anayenunua kinasa cha namna hiyo anapaswa kuhakikisha kwamba kamera yake hutoa picha safi, yaani isiyokuwa na alama za betri, saa na vipimo. Baadhi ya kamera za bei nafuu hutuma alama hizo pamoja na picha, na zikirekodiwa haziondoki.

Hatua kubwa zaidi ilikuja kamera zenyewe zilipopewa uwezo wa kuiamuru diski. Mwaka 2018 Blackmagic ilitoa Pocket Cinema Camera 4K, inayoandika kwenye SSD ya nje kupitia USB-C bila kifaa cha kati. Panasonic iliipa kamera yake ya GH6 uwezo huo mwaka 2022. Mwaka 2023 Apple iliuingiza katika simu za iPhone 15 Pro, ambazo kwa ProRes ya 4K na fremu 60 hulazimika kutumia diski ya nje.

Hata hapo si kila diski inafaa. Apple inataka diski yenye uwezo wa kuandika angalau megabaiti 220 kwa sekunde na isiyotumia umeme wa zaidi ya wati 4.5. Waya nao una sehemu yake: waya wa kuchajia simu unaweza kuingia vizuri kwenye tundu na bado ukawa wa kasi ya USB 2.0, ambayo haitoshi.

Nakala moja si nakala

Kanda ya MiniDV ilikuwa na kasoro nyingi, lakini ilikuwa na sifa moja iliyopuuzwa. Baada ya kuhamishwa ilirudi kwenye kasha na kukaa rafuni. Diski ya kompyuta ikiharibika, kazi ilirudiwa kutoka kwenye kanda.

Aliyeacha kanda na kurekodi kwenye diski pekee alibaki na nakala moja. Alipohitaji nafasi kwa kazi iliyofuata alifuta ya zamani, na mteja aliyerudi baada ya miaka miwili kuomba nakala nyingine hakupata kitu.

Ndiyo maana utaratibu uliopendekezwa wakati wa vinasa vya FireWire ulikuwa kuiacha kanda izunguke ndani ya kamera sambamba na kinasa. Diski ilikuwa kwa ajili ya kasi, na kanda kwa ajili ya usalama. Kamera za sasa huwezesha jambo hilohilo kwa kurekodi kwenye kadi ya ndani huku kinasa cha nje kikiandika kwenye SSD, au kwa kutumia kadi mbili kwa pamoja.

Pasipokuwa na uwezo huo, nakala ya pili hufanywa kabla ya kulala, kwenye diski tofauti, na diski hizo mbili hazisafiri ndani ya begi moja.

Kabla ya shughuli kuanza

Mambo yafuatayo yanafaa kukaguliwa na kila anayetaka kurekodi kwenye diski, iwe kwa kamera ya zamani au mpya:

Kwanza, kukokotoa nafasi inayohitajika na kuongeza robo juu yake, kwa kuwa shughuli nyingi hazimaliziki kwa saa iliyoandikwa kwenye kadi ya mwaliko.

Pili, kunakili yaliyomo kwenye diski, kuhakikisha nakala inafunguka, kisha kuifomati diski ndani ya kinasa au kamera itakayotumika.

Tatu, kurekodi jaribio la angalau nusu saa, si la dakika moja, ili kuona kama faili hugawanyika vizuri na kama diski haipati joto la kupindukia. Jaribio hilo lichezwe kwenye kompyuta ya kuhariria na sauti isikilizwe.

Nne, kuifunga kwa utepe sehemu ambayo waya unaingia kwenye kamera. Waya unaochomoka ni chanzo cha hasara ambacho hakihitaji utaalamu kukizuia.

Tano, kwa anayetumia kamera ya MiniDV na kompyuta bila kanda, kuzima kipengele cha maonyesho kwenye menyu. Baadhi ya kamera zikikaa bila kanda kwa dakika kadhaa huanza kuonyesha sifa zake zenyewe kwenye kioo. Kinyume chake, kanda ikiwamo bila kurekodi, nyingi hujizima baada ya dakika tano hivi.

Sita, kukitazama kinasa mara kwa mara wakati kazi inaendelea. Taa nyekundu ya kamera huthibitisha kwamba kamera inarekodi. Haithibitishi kwamba diski inaandika.

Kanda zilizobaki kabatini

Kwa familia nyingi, utaratibu huu sasa una matumizi mengine: kuhamishia kwenye diski kanda za MiniDV zilizorekodiwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kazi hiyo hutumia FireWire ileile, kwa kuwa ndiyo inayotoa data ya kanda kama ilivyo. Vifaa vya bei rahisi vinavyotumia waya za njano, nyeupe na nyekundu huibadilisha video kuwa ya analojia na kuirudisha tena, na ubora hupungua.

Muda wa kufanya hivyo unapungua. Kompyuta mpya hazina tundu la FireWire. Mwaka 2025 Apple iliondoa uwezo wa kutumia FireWire katika mfumo wake wa macOS Tahoe, hivyo viunganishi vilivyowasaidia watumiaji wa Macintosh kwa miaka mingi havifanyi kazi kwenye mfumo huo. Kwa upande wa Linux, msimamizi wa sehemu hiyo alitangaza mwaka 2023 mpango wa kuihudumia hadi mwaka 2029.

Kompyuta ya zamani yenye tundu hilo na mfumo wake wa awali kwa hiyo isitupwe, na wala isiboreshwe mfumo, kabla kanda hazijahamishwa. Vivyo hivyo kwa kamera: hata ikiwa lenzi imevunjika, maadamu inacheza kanda, inatosha kwa kazi hii.

Kanda moja itachukua saa moja na gigabaiti 13. Kanda 30 zitachukua takribani gigabaiti 390, kiasi kinachoenea kwenye diski ndogo ya leo na kubakiza nafasi. Diski ziwe mbili, na kanda zenyewe zirudishwe kabatini badala ya kutupwa.